Dola Elfu Moja kwa Wiki: Jinsi Lucille Ball Alivyokuja Kumiliki Kicheko Chake

Wengi wakisikia jina la Lucille Ball humkumbuka mwanamke aliyesimama mbele ya mkanda wa kiwanda cha chokoleti, mkanda unakwenda kasi kuliko mikono yake, naye anazibugia chokoleti na kuzisweka kifuani ili msimamizi asione. Ni onyesho la mwaka 1952 na bado linachekesha. Lakini limefunika jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa kubwa zaidi: mchekeshaji huyu alifikia kuongoza studio kubwa Hollywood, na safari ya kufika huko ilianzia pale yeye na mumewe walipokubali kupunguziwa mshahara.

Habari hiyo husimuliwa kwa mkato, na mkato umezaa maneno mengi. Utasikia kwamba Lucille ndiye aliyebuni kurekodi vichekesho kwa kamera tatu, kwamba aliimiliki I Love Lucy, kipindi cha televisheni kilichompa umaarufu, mpaka kufa, na kwamba Star Trek, kipindi cha safari za angani, ilikuwa wazo lake. Kila moja lina chembe ya ukweli, lakini hakuna lililo sahihi kama linavyosemwa. Ili kulitenganisha lililotokea na lililoongezwa, inabidi kwanza tumjue mtu mwenyewe na soko alilokuwa akilifanyia kazi.

Alizaliwa Jamestown, jimbo la New York, tarehe 6 Agosti 1911. Baba yake, fundi wa nyaya za simu, alikufa kwa homa ya matumbo Lucille akiwa na umri wa miaka mitatu. Sehemu kubwa ya malezi yake ilikuwa mikononi mwa babu na bibi upande wa mama. Babu huyo, Fred Hunt, alikuwa msoshalisti wa kweli kweli, na imani yake hiyo ingekuja kumtia mjukuu matatani miaka mingi baadaye. Lucille alipokuwa kijana, familia ilipoteza nyumba yake kufuatia ajali ya bunduki uani kwao na kesi iliyofuata. Alijaribu shule ya uigizaji New York, shule ambayo Bette Davis alikuwa nyota wake wakati huohuo, akarudishwa nyumbani kwa kuonekana mwoga mno kuweza kusimama jukwaani. Akafanya kazi ya uanamitindo kwa mbunifu wa mavazi Hattie Carnegie, kisha mwaka 1933 akaenda Hollywood kuwa mmoja wa wasichana wa kupamba filamu ya Samuel Goldwyn.

Alidhani atakaa huko wiki chache. Alikaa maisha yake yote, ila umaarufu wenyewe haukuja. Kwa karibu miaka ishirini alikuwa mwigizaji ambaye kila mtu kwenye biashara hiyo anamjua na mtazamaji hajanunua tiketi kwa ajili yake. Studio ya RKO ilimweka kwa mkataba, MGM ikamchukua baadaye na kumtia nywele rangi nyekundu, naye akapewa cheo kisicho rasmi cha malkia wa filamu za daraja la pili, zile za gharama ndogo zilizotengenezwa kuandamana na filamu kubwa. Alikuwa mzuri wa sura, sauti yake ilikuwa nzito kidogo, na studio hazikujua zimweke wapi.

Kipindi hicho kina jambo moja ambalo waandishi wa habari zake hulipita haraka mno. Pale MGM alikutana na Buster Keaton, bingwa wa vichekesho wa enzi za filamu zisizo na sauti. Wakati huo nyota ya Keaton ilikuwa imezama na studio ilimtumia kama mshauri wa kubuni vituko. Keaton alimwona Lucille na akamwelewa. Alimfundisha kuuheshimu kila kifaa anachokishika: kama ni kikombe, ujue uzito wake, ujue kinavyoteleza, ukirudie hata mkono ukifanye bila akili kuingilia. Mwanamke aliyeonekana baadaye kwenye televisheni akianguka ndani ya pipa la zabibu hakuwa akibahatisha. Waandishi wake walieleza mara nyingi kwamba alikuwa hapendi kuongeza maneno yake mwenyewe. Alifuata mswada neno kwa neno, akirudia mazoezi mpaka wenzake wachoke. Mwenyewe alikuwa akisema kuwa yeye si mtu wa kuchekesha, waandishi ndio wachekeshaji, yeye ni jasiri tu. Nadhani alikuwa akijipunja, ila neno hilo linatuonyesha namna alivyoielewa kazi yake.

Mwaka 1940, kwenye filamu ya RKO iitwayo Too Many Girls, alikutana na Desi Arnaz, Mkyuba aliyezaliwa Santiago de Cuba mwaka 1917. Baba yake Desi alikuwa meya wa mji huo mpaka mapinduzi ya 1933 yalipoifukuza familia. Desi alifika Marekani hana kitu, akapanda kwa muziki na ngoma mpaka akawa na bendi yake. Walioana Novemba mwaka huohuo. Lucille alikuwa amemzidi mumewe miaka sita, na tangu mwanzo ndoa ilikuwa ya kupeana zamu barabarani: mume yuko ziarani na bendi, mke yuko studio. Mwaka 1944 Lucille alifungua kesi ya talaka, kisha wakapatana. Mimba ziliharibika zaidi ya mara moja. Alipokuja kuingia kwenye televisheni, sababu yake kubwa ilikuwa ya nyumbani kabisa: alitaka kazi itakayomfanya mumewe alale mji mmoja naye.

Tangu 1948 alikuwa na kipindi cha redio cha kampuni ya utangazaji ya CBS kiitwacho My Favorite Husband, kilichopendwa. CBS ilitaka kukihamishia kwenye televisheni pamoja na mwigizaji aliyekuwa mume wake redioni. Lucille alikataa, mume wake wa kwenye kipindi awe Desi, la sivyo hakuna kipindi. Wakubwa waliona watazamaji hawatakubali kwamba Mmarekani mweupe ameolewa na Mkyuba mwenye lafudhi, ingawa watu hao wawili walikuwa mke na mume halali kwa miaka kumi. Basi mwaka 1950 wakazunguka majukwaani na onyesho lao la vichekesho, wakaone wenyewe kama watu watawakataa. Watu walijaza kumbi. Mwanzoni mwa 1951 wakatengeneza kipindi cha majaribio, na mdhamini akapatikana, kampuni ya sigara ya Philip Morris.

Hapa sasa ndipo penye fundo, na tukilipita haraka hatutaelewa chochote kinachofuata.

Mwaka 1951 vipindi vingi vikubwa vya televisheni Marekani vilirushwa moja kwa moja kutoka New York, kwa sababu sehemu kubwa ya wenye televisheni waliishi mashariki na katikati ya nchi. Mtandao wa mawasiliano wa kuunganisha pwani hadi pwani ulikuwa haujakamilika mazungumzo yalipokuwa yakiendelea. Kipindi kikirushwa kutoka upande mmoja, upande wa pili ulipata nakala iliyorekodiwa kwa kuielekeza kamera ya filamu kwenye kioo cha televisheni. Picha yake ilikuwa ya ukungu, na nakala hiyo ilihesabiwa kuwa kitu cha kutumia na kutupa. Mdhamini hakutaka soko lake kubwa liangalie ukungu, kwa hiyo akadai Lucille na Desi wahamie New York. Wao hawakutaka kuhama. Walikuwa na nyumba California, na mtoto wao wa kwanza, Lucie, alikuwa njiani. Alizaliwa Julai 1951, wiki chache kabla mama yake hajatimiza miaka arobaini.

Jibu likawa kukirekodi kipindi Hollywood kwa filamu ya milimita 35, ile ile ya sinema, ili kila mji upate picha safi. Lakini CBS ilitaka pia hadhira ya watu hai, kwani Lucille alipata nguvu kwa kusikia watu wakicheka, na redio ilishalithibitisha hilo. Filamu ya kawaida hupigwa kipande kwa kipande na kamera moja, huku taa zikihamishwa kila mara. Hakuna hadhira inayoweza kuvumilia hilo na bado icheke. Desi alimwita Karl Freund, Mjerumani aliyekuwa amepiga picha za filamu ya Metropolis na baadaye kushinda Oscar Hollywood. Freund alipanga taa kutoka juu, mwanga ukisambaa sawasawa ili kamera tatu zifanye kazi kwa wakati mmoja bila kivuli cha moja kuharibu picha ya nyingine. Ukuta wa studio ukatobolewa mlango wa hadhira, viti vikawekwa vya watu wapatao 300, na kipindi kikawa kinachezwa mfululizo kama tamthilia ya jukwaani.

Kwa hiyo kuhusu kamera tatu: hapana, Lucille hakuzibuni, wala Desi hakuzibuni. Walikuwapo waliojaribu kurekodi vipindi kwa kamera nyingi za filamu kabla yao. Walichofanya ni kuunganisha kamera hizo, filamu ya milimita 35, hadhira na hadithi yenye mwendo wa tamthilia, na kuufanya mpangilio huo ufanye kazi kila wiki bila kukosa. Vichekesho vingi vya televisheni vilivyofuata Marekani kwa miongo vilirithi nyumba hiyo, pamoja na vyumba vilivyokatwa ukuta mmoja ambavyo mpaka leo tunaviona.

Mpangilio huo ulikuwa ghali. CBS na mdhamini walikubali kuongeza fedha, lakini waliwataka Lucille na Desi nao wachangie kwa kukatwa dola 1,000 kwa wiki. Desi akasema sawa, tutakatwa, ila kampuni yetu Desilu imiliki vipindi vyote asilimia mia. CBS ikakubali. Leo uamuzi huo unaonekana wa kizembe, lakini tukumbuke walichokuwa wakikiona wao: kipindi cha televisheni kikishaonyeshwa kimekwisha, nani atataka kukitazama tena? CBS ilijihesabu imenunua maembe ya msimu, na haikuona sababu ya kugombania mwembe.

I Love Lucy ilianza tarehe 15 Oktoba 1951. Katika misimu yake sita ilishika nafasi ya kwanza Marekani mara nne. Desemba 1952 simulizi ilimfanya Lucy Ricardo, mhusika wa Lucille, kuwa mjamzito kwa sababu Lucille mwenyewe alikuwa mjamzito, jambo ambalo televisheni ilikuwa ikilificha. CBS haikuruhusu neno la kawaida la ujauzito litamkwe, na miswada ilipitiwa na padre, mchungaji na rabi. Tarehe 19 Januari 1953 mtoto wa kwenye kipindi alizaliwa hewani, na siku hiyohiyo Lucille akamzaa Desi mdogo hospitalini kwa upasuaji uliopangwa. Watazamaji walikadiriwa kuwa milioni 44, zaidi ya waliotazama Rais Eisenhower akiapishwa kesho yake. Mwezi uliofuata mkataba mpya ulitangazwa, wa dola milioni 8.

Na ndani ya likizo hiyo ya uzazi ndipo thamani ya mwembe ilipoanza kuonekana. Lucille alihitaji kupumzika, kwa hiyo vipindi vya zamani vikarudishwa hewani, na watu wakavitazama tena kwa wingi. Filamu ilikuwa safi, haikuwa na ukungu, na waliokosa mara ya kwanza walikuwa wengi kwani televisheni ziliongezeka majumbani kila mwezi. Marudio yalikuwapo kabla ya hapo kwa namna moja au nyingine. Kilichokuwa kipya ni ushahidi kwamba kipindi cha zamani kina bei.

Septemba 1953 nusura yote yaporomoke. Kamati ya Bunge iliyokuwa ikiwasaka Wakomunisti iligundua kwamba mwaka 1936 Lucille alijiandikisha kama mpiga kura wa Chama cha Kikomunisti. Alieleza kwamba alifanya hivyo kumridhisha babu yake, yule Fred Hunt, na kamati ikamwacha. Lakini habari ikavuja. Hollywood wakati huo ilikuwa na orodha nyeusi, na watu wenye ushahidi hafifu kuliko huo walikwisha poteza kazi. Usiku wa kurekodi, Desi alitoka mbele ya hadhira akawaambia kwamba kitu pekee chekundu kwa Lucy ni nywele zake, na hata hizo si za asili. Watu wakashangilia, mdhamini akasimama naye. Sipendi kulisimulia tukio hili kama ushindi tu. Lucille alinusurika kwa sababu alikuwa akiingiza fedha nyingi mno kwenye televisheni. Waigizaji wasiokuwa na mdhamini wa kuwatetea hawakupata nafasi ya kujieleza kwa hadhira.

Desilu ilikua. Ilitengeneza vipindi vyake na kukodisha majukwaa na mafundi kwa vya wengine. Aliyekuwa ofisini akiendesha biashara hiyo alikuwa Desi, na hili lazima lisemwe wazi, kwa kuwa siku hizi tunapenda kumpa Lucille peke yake sifa za kila mkataba. Katika miaka ya hamsini yeye alikuwa jukwaani akirudia mazoezi. Mumewe ndiye aliyekuwa akipiga hesabu.

Kisha wakaiuza I Love Lucy. Vipindi vya nusu saa vilikuwa vimefika 180 vilipokoma mwaka 1957, na karibu na wakati huo CBS ilivinunua kwa mamilioni ya dola. CBS ikalipa mamilioni kwa kitu ambacho ingeweza kubaki nacho mwaka 1951 kwa kuongeza dola elfu moja kwa wiki. Kwa hiyo si kweli kwamba Lucille aliendelea kumiliki I Love Lucy maisha yake yote. Faida ya miongo ya marudio, ambayo ni kubwa mno, ilikwenda CBS. Wapo wanaouita uuzaji huo kosa. Mimi siuoni hivyo, kwa sababu ya kilichofanywa na fedha hizo: mwishoni mwa 1957 Desilu ilikubaliana kununua viwanja vya RKO kwa zaidi ya dola milioni 6. Ndiyo RKO ileile iliyokuwa imemwajiri Lucille kwa mshahara wa kawaida, ambako alikutana na mumewe. Sasa walikuwa na majukwaa zaidi ya 30, mengi kuliko ya MGM.

Nyumbani mambo yalikuwa yakiharibika. Desi alikunywa sana na hakuwa mwaminifu, na mzigo wa kampuni ulimzidi. Onyesho lao la mwisho pamoja lilirekodiwa Machi 1960, na kesho yake Lucille akafungua kesi ya talaka. Mwaka 1961 aliolewa na mchekeshaji Gary Morton. Mwaka 1962 alinunua hisa za Desi, akawa rais wa Desilu, mwanamke wa kwanza kuongoza kampuni kubwa ya kutengeneza vipindi Hollywood. Wakati huohuo alirudi kwenye televisheni na The Lucy Show. Hakuifurahia kazi ya ofisini, na hakuficha hilo. Mchana mikutano ya bajeti, jioni mazoezi, na wengi waliomfanyia kazi walisema alikuwa mkali.

Na Star Trek? Wazo lilikuwa la Gene Roddenberry. Lucille hakuandika hata sentensi moja. Alichokuwa nacho ni mamlaka ya kusema ndiyo. Desilu ya katikati ya miaka ya sitini ilihitaji vipindi vipya, na viwili vilivyokuwa mezani, Star Trek na Mission: Impossible, vilikuwa ghali kupita uwezo wa kampuni. Washauri wake wa fedha walimwonya. Kipindi cha majaribio cha Star Trek kilikataliwa na kampuni ya utangazaji ya NBC, kikatengenezwa kingine, na gharama zikazidi. Rais wa kampuni akaamua viendelee. Vyote viwili vilianza Septemba 1966, na Star Trek ikampa Nichelle Nichols nafasi ya Luteni Uhura, jina lililochotwa kwenye Kiswahili. Anayesema kuwa bila Lucille pengine kusingekuwa na Star Trek hakosei. Anayesema aliitunga anakosea.

Washauri nao hawakukosea. Gharama zilikuwa zinaielemea Desilu, na mwaka 1967 Lucille aliiuza kwa kampuni ya Gulf and Western, wamiliki wa studio ya Paramount, kwa dola milioni 17. Akiwa mwenye hisa nyingi kuliko wengine, alipata fedha nyingi, ila Star Trek ikaondoka mikononi mwake kabla haijawa kile tunachokijua.

Alianzisha kampuni ndogo, Lucille Ball Productions, na kuanzia 1968 hadi 1974 akacheza Here's Lucy pamoja na watoto wake wote wawili. Baada ya hapo mambo hayakwenda vizuri. Filamu ya Mame ya 1974 haikupokelewa vema. Mwaka 1985 aliigiza mwanamke mzee asiye na makao kwenye filamu ya televisheni ya Stone Pillow, na nadhani watu hawakumtendea haki, kwani walitaka wamwone akianguka na kucheka tu. Life with Lucy ya 1986 ilikatishwa baada ya vipindi vinane. Desi alikufa Desemba mwaka huo. Walikuwa wamebaki marafiki. Lucille alifariki Los Angeles tarehe 26 Aprili 1989, akiwa na miaka 77, baada ya mshipa mkuu wa damu kupasuka.

Kazi zake zenyewe ziligawanyika kufuata mauzo yale. I Love Lucy ilikuwa ya CBS. The Lucy Show na Star Trek zilikwenda Paramount pamoja na Desilu. Here's Lucy ilibaki na kampuni yake mwenyewe. Kampuni ya Viacom, iliyokwisha kuinunua Paramount, iliungana na CBS mwaka 2000, zikatengana, kisha zikaungana tena mwaka 2019, na hivyo vile ambavyo Lucille na Desi waliviuza kwa wanunuzi wawili tofauti, mmoja miaka ya hamsini na mwingine miaka ya sitini, sasa vimo chini ya kampuni moja.